Mabawa ya nondo wa kiwavijeshi vamizi: CVA inatenga makundi, PCA inayachanganya, niamini ipi?

Binti_Wadudu

Habari zenu wadau, naombeni mawazo hasa nyie mliowahi kushika mofometriki (kupima maumbo ya viumbe kwa namba). Nipo kwenye utafiti wa masta, naangalia umbo la bawa kwa nondo wa kiwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda), huyuhuyu aliyetoka Amerika akaripotiwa Afrika Magharibi 2016, na baada ya hapo hakuna aliyemzuia, 2018 yuko India, 2019 China, 2020 Australia. Nataka kujua kama mabawa yanaweza kuonyesha kwamba nondo wanaotoka kwenye mahindi na wanaotoka kwenye mtama ni makundi mawili tofauti au ni walewale tu.

Nilitega mitego ya feromoni (harufu ya jike inayovuta madume) sehemu mbili, moja ni bondeni kwenye joto na kumejaa mtama, nyingine ni juu kwenye baridi na ni mahindi matupu. Kila nondo nimetoa bawa la mbele la kulia, nimepiga picha, nimeweka landimaki (nukta za alama kwenye bawa) 16 kwa programu ya tpsDig halafu nikaingiza kwenye programu ya MorphoJ, nikafanya Procrustes (kulinganisha maumbo baada ya kuondoa mahali, ukubwa na mzunguko) kisha CVA, ile hesabu ya kutenganisha makundi uliyoyataja. Majibu yamekuja mazuri mno, yaani kwenye grafu nguzo za kundi la mtama zipo kushoto na za mahindi zipo kulia na katikati hakuna kitu. Msimamizi wangu amefurahi anasema niandike kwamba hapo tuna streini (matawi ndani ya spishi moja) mbili, ile ya mahindi na ile ya mpunga, na kwa kuwa mtama nao mara nyingi unahusishwa na ile ya mahindi, kuona makundi mawili kutatupa cha kujadili. Ila mimi moyo unasita kwa sababu PCA (hesabu ya kuonyesha tofauti kuu bila kutaja makundi) ya data hiyohiyo inaonyesha nukta zimechanganyikana zote, huwezi kusema huyu wa wapi. Kila upande nina nondo 25. Hela ya DNA kwa sasa sina.

Niamini ipi jamani?

Kipimo_Kwanza

Moyo wako uko sahihi kusita, usiandike hiyo sentensi ya streini kwanza.

PCA haijui makundi yako, inaangalia tu nondo wote 50 wanatofautiana wapi zaidi. CVA unaiambia makundi wewe mwenyewe, halafu kazi yake ni kutafuta mwelekeo wowote ule unaoyatenga, na ukiipa nafasi itaupata hata kama haupo. Angalia namba zako: landimaki 16 kwenye picha bapa ni namba 32, toa 4 zinazopotea kwenye Procrustes (mbili za mahali, moja ya ukubwa, moja ya mzunguko), zinabaki 28. Sasa una vipimo 28 kwa nondo 50, kila kundi lina nondo 25 yaani wachache kuliko vipimo vyenyewe. Hapo CVA inatenga chochote.

Usiniamini mimi, jaribu. Chukua hao 50, futa majina ya mahindi na mtama, wape majina A na B kwa bahati nasibu kisha rudia CVA. Utaona nguzo zinaachana vilevile, labda kidogo tu tofauti. Ukishaliona hilo kwa macho yako hutaiangalia grafu ya CVA kwa jicho la zamani tena.

Cha kufanya nenda kwenye ile discriminant function (hesabu ya kupambanua makundi mawili) ya MorphoJ, ina sehemu ya kuhakiki ambako kila nondo anatolewa nje, hesabu inafanyika bila yeye, halafu anaulizwa ni wa kundi gani. Asilimia ya wanaopangwa sawasawa ndiyo ya kuripoti. Kama inakuja karibu na nusu kwa nusu basi huna tofauti, kama inakuja juu sana tuendelee kuongea.

Mtego_wa_Usiku

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu hesabu, ila mimi ningeanza nyuma zaidi, kabla hata ya kompyuta, kwenye meza yenye nondo wenyewe. Nina maswali ambayo naomba uyajibu kwa uaminifu maana kila moja linaweza kuzaa tofauti ya umbo ambayo haihusiani kabisa na streini.

La kwanza, una uhakika wote ni frugiperda? Feromoni inayouzwa kwa ajili ya huyu mdudu inavuta na nondo wengine, na anayesumbua kuliko wote huku Afrika ni Leucania loreyi. Akiwa mzima unamjua, bawa la mbele ni rangi ya majani makavu na lina kidoti cheupe mwisho wa ile seli ya katikati (eneo la bawa lililozungukwa na vishipa), bawa la nyuma jeupe linang'aa. Lakini akishakaa kwenye mtego anapigapiga mabawa usiku kucha magamba yote yanatoka, na hapo wote wanakuwa nondo wa kahawia wasio na sura. Ukiwa na loreyi watatu wanne upande mmoja na sifuri upande mwingine, vishipa vyao vitakuvutia kundi zima. Pia kuna kiwavijeshi wetu wa zamani, Spodoptera exempta, naye sura yake inakaribiana. Mwenye shaka naye usimwache kwa sababu tu anaonekana hivyohivyo, fungua tumbo uangalie sehemu za uzazi za dume, hazidanganyi.

La pili, hao wa mtego wa feromoni ni madume tu, sawa, hilo limekusaidia bila wewe kupanga kwa sababu dume na jike mara nyingi hawalingani mabawa. Lakini kama uliongeza hata wachache wa mtego wa taa basi hakiki jinsia. Angalia pale shina la bawa la nyuma, kuna ule mwiba unaoshikanisha bawa la nyuma na la mbele, dume ana mmoja mnene, jike ana zaidi ya mmoja na ni myembamba. Hiyo ni rahisi kuliko kutegemea rangi, ingawa kwa huyu mdudu rangi nayo inasema, dume ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa na jike amefifia.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Umesema mtama uko bondeni kwenye joto na mahindi yako juu kwenye baridi. Sasa ukiona tofauti utasemaje ni ya mmea? Kiwavi aliyekulia kwenye baridi anachukua muda mrefu zaidi kukua na mara nyingi anatoka nondo mkubwa zaidi, na bawa likiwa kubwa umbo lake nalo linasogea, siyo kwamba linapanuka tu kwa usawa. Kwa hiyo una vitu viwili vimefungwa pamoja, chakula na joto, na hakuna takwimu duniani itakayovifungua kama sampuli zenyewe hazikuvitenganisha. Unahitaji angalau mtama wa juu au mahindi ya bondeni. Hata shamba moja tu la kila aina litabadilisha kazi yako yote.

La nne, nani aliweka landimaki, na kwa mpangilio gani?

Bawa_na_Vishipa

Mimi naona tunamkatisha tamaa dada yetu mapema. Mabawa yanafanya kazi jamani. Nyuki wamekuwa wakitenganishwa jamii zao kwa vishipa vya bawa la mbele miaka na miaka, mbung'o vilevile, watu wanalinganisha mbung'o wa bonde hili na bonde lile kwa bawa moja tu na majibu yanaendana vizuri na jenetiki. Na kwa huyuhuyu frugiperda, Colombia waliwahi kutumia umbo la bawa kulinganisha streini ya mahindi na ya mpunga wakaona tofauti. Kwa hiyo wazo lenyewe halina kasoro, na kwa mtu asiye na hela ya maabara ya DNA bawa ni kitu cha thamani kubwa, linahitaji kamera, kompyuta na subira, programu zote hizo za Rohlf na Klingenberg ni za bure.

Ila kuna kitu msimamizi wako anapaswa kukumbuka. Colombia ni kwao na mdudu, streini zote mbili zipo pale toka zamani. Huku alikovamia hali imechanganyika. Streini hizi hazitofautiani kwa macho, zilijulikana miaka ya 1980 kwa kupima molekuli, na siku hizi watu wanatumia jini ya COI ya mitokondria na jini ya Tpi iliyopo kwenye kromosomu Z, ambayo ni ya jinsia. Mitokondria inatoka kwa mama tu, Z inarithiwa kivingine, na kwa nondo wa Afrika hizo mbili mara nyingi zinapingana, COI inasema huyu ni wa mpunga huku Tpi inasema ni wa mahindi. Maana yake wengi wao wana damu mchanganyiko. Sasa kama jini zenyewe hazikubaliani, bawa litaitwaje kuamua? Unaweza kuandika "umbo la bawa limetofautiana kati ya maeneo mawili" na ukasimama nalo mbele ya mtu yeyote. "Streini mbili" huwezi.

Halafu kwenye uchambuzi usisahau alometri, yaani umbo kubadilika kadiri ukubwa unavyobadilika. Fanya rigresheni ya umbo dhidi ya logi ya ukubwa wa sentroidi (kipimo cha ukubwa wa bawa kinachotokana na landimaki), uone ni kiasi gani cha umbo kinaelezwa na ukubwa tu. Kama mistari ya makundi yote mawili inaenda sambamba chukua mabaki ya hiyo rigresheni (umbo linalosalia baada ya kuondoa athari ya ukubwa) ndiyo ulinganishe makundi. Na usiutupe ukubwa wenyewe, uripoti peke yake, ukubwa ni habari tosha ya jinsi mdudu alivyokulia.

Binti_Wadudu

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Nimefanya lile la kuchanganya majina A na B na kweli nguzo zimeachana tena. Kwenye kuhakiki nondo mmoja mmoja wanaopangwa sawasawa ni kama sita kwa kumi, si kitu cha kujivunia.

Kuhusu swali la nani aliweka landimaki: za mahindi niliweka mimi zote, za mtama aliweka mwenzangu wa maabara kwa sababu yeye ndiye alikuwa kule bondeni na alipiga picha kwa kamera yake. Tulikubaliana mahali pa kila landimaki kwa mchoro. Je, hilo ni tatizo kubwa?

Na nimerudi kwenye boksi la sampuli, kuna wawili wa upande wa mtama wana bawa la nyuma jeupe sana linang'aa kuliko wenzao. Nimewatenga.

Swali lingine, mabawa mengine picha hazionyeshi vishipa vizuri kwa sababu ya magamba, nilikuwa nakisia pale vishipa vinapokutana. Mnayatoaje magamba bila kuchana bawa?

Kipimo_Kwanza

Hilo ni tatizo kubwa ndiyo, na afadhali limejulikana sasa. Kundi moja mtu mmoja na kamera moja, kundi la pili mtu mwingine na kamera nyingine, maana yake hata kama makundi yangetofautiana kwa asilimia mia usingejua ni nondo au ni mikono. Mtu mmoja anaweka nukta katikati ya makutano ya vishipa, mwingine anaiweka kwa nje kidogo, na kila mmoja yuko thabiti kwa namna yake kwa hiyo tofauti inakuwa ya mwelekeo mmoja, haijifuti.

Bahati nzuri mabawa bado unayo. Piga upya yote kwa kamera moja, urefu uleule kutoka mezani, bawa liwe katikati ya fremu maana pembeni lenzi inapinda picha, na rula iwepo kwenye kila picha. Tengeneza faili la picha zote kwa tpsUtil, ina sehemu ya kuchanganya mpangilio wa sampuli kiholela, uitumie, ili unapoweka landimaki usijue huyu ni wa mtama au wa mahindi. Mtu mmoja aweke zote. Baada ya muda rudia sehemu ya sampuli, picha upya na landimaki upya, kisha Procrustes ANOVA itakuonyesha tofauti kati ya nondo na nondo ni kubwa kiasi gani ukilinganisha na kosa la kupima. Kama kosa linakaribia tofauti ya nondo wenyewe, landimaki mbaya ziondoe, nane kumi za uhakika zinashinda 16 za kukisia. Na zikipungua vipimo navyo vinapungua, nondo wako 25 wanaanza kutosha kidogo.

Jike_la_Pupa

Magamba ni kazi ya mikono yangu kila siku kwa hiyo nitajibu hilo.

Kata bawa kwenye shina kabisa kwa mkasi mdogo wa ncha, usivute kwa kibanio, ukivuta unapoteza kipande cha chini na landimaki za pale zinakwenda. Lichovye kwanza kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi lilowe lote, usiruke hatua hii kwa sababu magamba yanakataa maji na ukiliweka moja kwa moja kwenye dawa linaelea na mapovu yanashika chini yake. Likishalowa lihamishie kwenye dawa ya kung'arisha nguo ile ya klorini iliyochanganywa na maji, ukae nalo kwenye hadubini uangalie. Rangi inaanza kuondoka kutoka kingoni kuingia ndani, kahawia inakuwa njano, njano inakuwa kama maji, na vishipa vinabaki vimesimama peke yake. Pale tu vishipa vinapokaa wazi litoe, lisuuze kwenye maji safi mara mbili. Ukilisahau mle utando unalegea na bawa linajikunja, na bawa lililojikunja halifai tena kwa landimaki. Magamba yaliyogoma yasukume kwa brashi laini ya rangi kutoka shinani kwenda nje, kufuata vishipa, kamwe si kinyume chake. Mwisho lielee juu ya slaidi kwenye tone la maji, lilale lenyewe, kisha weka kioo cha juu. Bawa lisipolala bapa kabisa unapima mkunjo, hupimi umbo.

Kabla ya yote hayo piga picha likiwa na magamba yake, maana mabaka ya rangi ukishayaondoa hayarudi na ndiyo ushahidi wako kwamba alikuwa frugiperda.

Landimaki za ncha ya bawa na pindo la nje ziache kama unaweza. Nondo mzee pindo limelika na ncha imekatika, utakuwa unapima umri. Shika makutano ya vishipa na pembe za ile seli ya katikati, pale pana alama kamili isiyobishaniwa. Bawa la nyuma la huyu mdudu linaonekana wazi hata bila dawa, ila ujue kile kishipa cha M2 kwa jamii hii ni hafifu mno, usiweke landimaki juu yake.

Hao wawili uliowatenga fungua tumbo kama alivyosema mkuu Mtego, hilo bawa jeupe linanukia loreyi.

Mtego_wa_Usiku

Jike_la_Pupa amemaliza upande wa meza. Mimi niongeze moja tu, kama muda wa masta unaruhusu, fuga. Kusanya viwavi kutoka mtama na kutoka mahindi, walee chumba kimoja, joto moja, chakula kimoja, kila kiwavi kwenye kikopo chake peke yake kwa sababu hawa wanakulana, ukiwaweka pamoja utabaki na mmoja mnene. Kwenye joto la nyuzi 27 hivi kizazi kinatimia ndani ya mwezi mmoja, siyo muda mrefu. Hao walioletwa kutoka shambani tayari wamekula kidogo kule kwa hiyo wa maana zaidi ni watoto wao. Watoto wakitoka na mabawa yanayofanana, ile tofauti ya shambani ilikuwa ya joto na chakula. Wakiendelea kutofautiana ndipo unasema kuna kitu cha kurithi, na hapo ndipo mazungumzo ya streini yanapata miguu. Tena utapata na majike, ambao mtego wa feromoni haukupi na ndio wanaobeba mayai kwenda shamba jipya, mimi naona mabawa yao ndiyo tungepaswa kuyajua zaidi kuliko ya madume.

Hapo pia utaweza kugusa lile suala la kuruka mbali. Huyu mdudu hana usingizi wa baridi kama wadudu wengine, Marekani wanaosalia majira ya baridi ni wa kusini kabisa Florida na Texas, halafu kila mwaka wanaruka upya hadi Kanada. Watu wanapenda kusema bawa refu jembamba ni la msafiri, na linaweza kuwa kweli, lakini usiliandike kutokana na umbo peke yake bila kuwapima kuruka.

Binti_Wadudu

Nimeelewa. Narudia picha zote, landimaki naweka mimi bila kujua ni wa wapi, napunguza hadi zile za makutano tu, na nimeongea na mwenzangu atege mtego mmoja kwenye mahindi ya bondeni. Kufuga nitamwomba msimamizi, nadhani nikimwonyesha grafu ya A na B atakubali bila mabishano marefu.

La mwisho, miili ya hawa niliowakata mabawa niifanyeje? Imejaa kabati na nilitaka kuitupa.

Bawa_na_Vishipa

Usitupe hata mmoja! Kila mwili uweke kwenye kichupa chake na ethanoli ya asilimia 95, namba ileile iliyo kwenye slaidi ya bawa lake, na iandike kwa penseli kwenye kikaratasi kinachokaa ndani maana wino unayeyuka. Mguu mmoja unatosha kutoa COI na Tpi siku hela ikipatikana. Wale waliokaa muda mrefu kwenye mtego wenye unyevu DNA yao huenda imeharibika, kwa hiyo watenge na uanze na waliokusanywa wabichi. Ukiwa na bawa na jini za nondo yuleyule mmoja ndipo utaweza kuuliza swali la msimamizi wako sawasawa, na mimi nitafurahi sana kuona majibu.